World Series ilianzaje, na kwa nini besiboli ya Marekani ina ligi mbili na fainali moja

Kila ikifika Oktoba kuna watu wanauliza swali lile lile, na ni swali la maana kabisa: hawa Wamarekani wanacheza besiboli mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku tangu mwishoni mwa Machi mpaka mwisho wa Septemba, halafu mechi zote hizo zikiisha bingwa bado hajapatikana, inabidi waanze mtoano wa mwezi mzima. Kwa mtu aliyekulia kwenye mpira wa miguu, ambako anayemaliza wa kwanza ndo bingwa na mjadala umefungwa, hii haiingii akilini. Na ukijaribu kusoma ndo unazidi kuchanganyikiwa, maana unakuta kuna American League na National League, zote ziko nchi moja, mara nyingine mji mmoja, kila moja ina bingwa wake, halafu mabingwa hao wawili wanakutana kwenye World Series, wa kwanza kushinda mechi nne kati ya saba anabeba kombe.

Hakuna mtu aliyekaa chini akabuni mpangilio huo. World Series ilitokana na suluhu ya vita vya kibiashara kati ya ligi mbili zilizochukiana, na karibu kila badiliko lililofuata baada ya hapo, kuanzia idadi ya mechi mpaka saa za kuanza, ukichimba kidogo unakuta chini yake kuna hela za mtu. Mimi naipenda sana fainali hii, na naona huwezi kuielewa vizuri bila kujua nani alikuwa anagombana na nani.

Tuanze nyuma kidogo. National League ilianzishwa mwaka 1876, na wenyewe walijiona watu wa heshima: kiingilio senti 50, hamna bia uwanjani, hamna mechi Jumapili. Mwaka 1882 ikaja ligi pinzani, American Association, ikafanya kinyume chake chote, kiingilio senti 25, bia inauzwa, Jumapili watu wanacheza, na wafanyakazi ambao siku yao ya mapumziko ilikuwa hiyo hiyo moja wakajaa. Baada ya kugombania wachezaji kwa muda wakaelewana, na kuanzia 1884 mabingwa wa pande mbili wakaanza kukutana mwisho wa msimu. Mwaka huo wa kwanza Providence Grays waliwafunga New York Metropolitans mechi tatu kwa bila, na mechi zote tatu mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, alikuwa mtu mmoja, Charles Radbourn, aliyekuwa tayari ameshinda karibu mechi 60 msimu ule, kitu ambacho mrushaji wa leo hata hakiwazi kwa sababu wa siku hizi akirusha mechi moja anapumzishwa siku nne au tano.

Ila mechi zile zilikuwa karibu na maonyesho kuliko mashindano. Kanuni hazikuwepo, wenye timu wawili wanakaa wanakubaliana wacheze mechi ngapi na wapi. Mwaka 1885 Chicago na St. Louis wakacheza saba, kwenye moja St. Louis wakamkataa mwamuzi wakatoka uwanjani, nahodha wao Charlie Comiskey ndo aliyewatoa (shika hilo jina, atarudi akiwa mtu mwingine kabisa), mwisho wa yote kila upande ukadai ndo umeshinda na mpaka leo vitabu vinaandika sare ya 3 kwa 3. Mwaka 1887 ndo ikawa balaa zaidi, Detroit na St. Louis walipanga mechi 15 wakazunguka nazo kwenye miji kumi kwa treni, Detroit wakafikisha ushindi wa nane ambao unatosha kabisa kuwa bingwa, na bado wakaendelea kuzicheza zilizobaki kwa sababu kuna watu mijini huko hawajalipa kiingilio bado! Shabiki wa wakati ule naye hakuwa mjinga, akaanza kuuliza, hivi hizi mechi zinachezwa kutafuta bingwa au kutafuta hela? Hilo swali ndo lililoitesa fainali ya besiboli miaka yote iliyofuata.

American Association ilikufa baada ya msimu wa 1891, National League ikabaki peke yake na timu 12. Wakajaribu kombe la aliyeshika nafasi ya kwanza dhidi ya aliyeshika ya pili, Temple Cup, kuanzia 1894 hadi 1897, likafa kwa kukosa watu. Na ilikuwa haki yake kufa, maana kama umeshamaliza wa kwanza kwenye ligi ile ile, kumshinda wa pili tena kunathibitisha nini?

Sasa tuje kwa mtu anayeitwa Ban Johnson. Chukulia Tanzania kuna Ligi Kuu kama ilivyo, halafu anatokea jamaa anaanzisha ligi yake ya pili hapo hapo, anaweka timu kwenye miji ile ile, anaanza kuwafuata wachezaji wa Simba na Yanga mmoja mmoja anawaambia njooni kwangu nawapa mshahara mkubwa zaidi. Johnson alikuwa anaendesha ligi ya kawaida huko magharibi ya kati, akaibadilisha jina ikawa American League, na mwaka 1901 akatangaza kwamba kuanzia sasa na yeye ni ligi kubwa. National League walikuwa wamewawekea wachezaji kikomo cha mshahara cha dola 2,400 kwa mwaka, basi Johnson na matajiri wake wakapita pale pale, zaidi ya wachezaji 100 wakahama.

Kesi ya Nap Lajoie inaonyesha vita ilivyokuwa. Huyu alikuwa mpigaji hatari, akavuka kutoka Phillies kwenda Athletics, timu zote mbili za Philadelphia, yaani alihama ligi bila kuhama mji. Phillies wakaenda mahakamani Pennsylvania, mwaka 1902 mahakama ikasema mchezaji huyu haruhusiwi kuchezea timu nyingine. Lakini amri ile ilikuwa na nguvu ndani ya jimbo la Pennsylvania tu, kwa hiyo wakamhamishia Cleveland, na kila Cleveland wakisafiri kwenda kucheza Philadelphia yeye anabaki nyuma, hakanyagi jimbo lile asije akakamatwa.

Januari 1903 pande mbili zikakubaliana kuacha kuibiana wachezaji. Makubaliano yale hayakuagiza fainali yoyote. World Series ya kwanza ya zama hizi ilitokea kwa sababu Barney Dreyfuss, mwenye Pittsburgh Pirates waliokuwa wanaongoza National League, aliongea na Henry Killilea, mwenye Boston waliokuwa wanaongoza American League, wakakubaliana kama wafanyabiashara wawili wanavyokubaliana, wacheze, wa kwanza kushinda mechi tano kati ya tisa ndo bingwa. Na ilibaki kidogo tu isichezwe, maana mikataba ya wachezaji wa Boston ilikuwa inaisha mwisho wa Septemba na fainali ni Oktoba, wakamwambia bosi wao bila kutuonyesha mgao wetu hatuingii uwanjani, mpaka wakaelewana.

Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 1 Oktoba 1903, uwanja wa Huntington Avenue, Boston, watu zaidi ya 16,000 kwenye uwanja ambao hauna nafasi ya watu hao. Waliokosa viti waliwekwa ndani ya uwanja wenyewe, kule nyuma, wamezuiwa na kamba tu, na ikabidi itungwe kanuni ya hapo hapo kwamba mpira ukiingia kwa watu waliosimama mpigaji anapewa besi tatu, yaani anasogea mpaka kituo cha tatu kati ya vinne anavyotakiwa kuvizunguka ili apate pointi. Ndo maana ukiangalia takwimu za fainali ile unakuta mipigo ya besi tatu imejaa kuliko kawaida, haikuwa ufundi, ilikuwa umati. Pittsburgh walishinda ile ya kwanza 7 kwa 3, mrushaji wao Deacon Phillippe akamfunika Cy Young wa Boston, na baada ya mechi nne Pittsburgh walikuwa mbele 3 kwa 1, zote tatu kashinda Phillippe peke yake. Shida ni kwamba hawakuwa na mwingine, Sam Leever bega lilikuwa linamuuma na Ed Doheny alikuwa amepata maradhi ya akili akapelekwa hospitali, kwa hiyo Phillippe akaendelea kurusha mpaka mkono ukachoka, alianza mechi tano na zote tano akamaliza mwenyewe. Boston wakashinda nne mfululizo, Bill Dinneen akamaliza kazi tarehe 13 Oktoba 3 kwa 0, jumla 5 kwa 3.

Halafu kuna kitu Dreyfuss alifanya ambacho kwangu ni kizuri kuliko mechi zenyewe. Alichukua mgao wake wote kama mwenye timu akawapa wachezaji wake, matokeo yake wachezaji wa Pittsburgh walioshindwa waliondoka na hela nyingi kwa kichwa kuliko wa Boston walioshinda.

Mwaka uliofuata hakukuwa na kitu. New York Giants walichukua National League 1904, mwenye timu John Brush na kocha wake John McGraw wakasema hawachezi na bingwa wa ligi ya chini. McGraw na Ban Johnson walikuwa maadui wa siku nyingi, na juu ya hapo American League ilikuwa imeweka timu New York, ile ambayo baadaye ikaja kuwa Yankees, na kwa muda mrefu msimu ule ilionekana kama hao majirani ndo watakuwa wapinzani wao. Brush hakutaka kuwapa hadhi. Magazeti yakamsema, mashabiki wa Giants wenyewe wakamlalamikia, mpaka huyo huyo aliyekataa akageuka akawa ndo mtunzi wa kanuni zilizotumika kuanzia 1905. Kwenye fainali ya 1905 Giants wakawafunga Athletics 4 kwa 1, kila mechi aliyefungwa alitoka bila pointi hata moja, na Christy Mathewson akarusha tatu kati ya hizo ndani ya siku sita.

Kanuni za Brush nataka tukae nazo kidogo, kwa sababu moja kati ya hizo ni ya akili sana na watu wengi hawaijui. Mechi zikawa saba, mshindi wa kwanza kufika nne. Lakini mgao wa wachezaji ukawekwa utoke kwenye mapato ya mlangoni ya mechi nne za kwanza tu. Fikiria kwa nini. Fainali ya mechi saba haiwezi kuisha kabla ya mechi nne, kwa hiyo hizo nne zipo lazima, na kama mchezaji analipwa kutokana na hizo tu basi hana faida yoyote ya kuachia mechi ili fainali irefuke mpaka sita au saba. Wingu lile la 1887 likaondolewa na mstari mmoja wa maandishi, na mpaka leo mgao wa wachezaji wa World Series unahesabiwa kwa msingi huo huo. Mwenye timu yeye anaendelea kula kwenye mechi zinazofuata, lakini mwenye timu harushi mpira.

Kwa hiyo kuongeza urefu wa fainali kwa siri kukazibwa. Kuuza fainali yenyewe hakukuzibwa.

Mwaka 1919 wenye timu walitaka hela zaidi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakairudisha fainali kuwa ya mechi tisa. Chicago White Sox walikuwa na kikosi kikali, wapinzani ni Cincinnati Reds. Mwenye White Sox ni nani? Charlie Comiskey, yule yule nahodha aliyewatoa wenzake uwanjani mwaka 1885, sasa ni tajiri. Wachezaji enzi hizo walifungwa na kifungu cha mkataba kinachosema klabu ikishakusajili ni yake, msimu ukiisha huwezi kwenda kwingine, unachukua unachopewa au unakaa nyumbani. Sisemi hilo linahalalisha walichofanya, lakini ukimfunga mtu mkono kwenye mshahara usishangae mcheza kamari anapomgongea mlango. Wachezaji wanane wa White Sox wakahusishwa na dili la kuiachia fainali, mrushaji wao Eddie Cicotte alipewa dola 10,000 kabla ya mechi ya kwanza, na ishara kwamba dili limekubaliwa ilikuwa ampige mpira mpigaji wa kwanza wa Cincinnati. Akampiga, Morrie Rath, mgongoni. Cincinnati wakashinda fainali 5 kwa 3.

Ilichukua karibu mwaka mzima kulipuka, Cicotte na mwenzake Joe Jackson wakaeleza mbele ya baraza la mashtaka Septemba 1920. Wenye timu kwa woga wakamuajiri hakimu wa shirikisho, Kenesaw Mountain Landis, awe kamishna mwenye mamlaka juu ya ligi zote mbili, kitu ambacho hakikuwepo kabla. Agosti 1921 mahakama ikawaachia huru wachezaji wote, na siku iliyofuata Landis akawafungia maisha wote wanane. Mmoja wao, Buck Weaver, hakupokea hela, kosa lake lilikuwa kujua na kunyamaza. Jackson alichukua dola 5,000, lakini kwenye fainali ile alipiga vizuri kuliko karibu kila mtu, mipigo 12 salama. Jina lake lilikaa kwenye orodha ya waliofungiwa mpaka Mei 2025, kamishna wa sasa Rob Manfred alipoamua kwamba kifungo kinaisha mtu anapokufa. Jackson alikuwa amekufa tangu 1951.

Mechi saba zikarudi 1922 na hazijaguswa tena.

Sasa kuna nusu ya historia hii ambayo makala nyingi zinairuka, na mimi siwezi kuiruka. Miaka yote hiyo niliyoieleza mchezaji mweusi alikuwa haruhusiwi, si kwa kanuni iliyoandikwa bali kwa makubaliano ya wenye timu, tangu miaka ya 1880. Basi weusi wakajenga ligi zao. Rube Foster alianzisha Negro National League mwaka 1920 kule magharibi ya kati, Ed Bolden wa timu ya Hilldale akasimamisha Eastern Colored League mwaka 1923 upande wa mashariki, na kilichofuata utakitambua: wakaibiana wachezaji, wakarushiana maneno magazetini, wakapatana, na mwaka 1924 mabingwa wao wakakutana. Kansas City Monarchs na Hilldale walicheza mechi kumi, moja ikaisha sare, na walizicheza Philadelphia, Baltimore, Kansas City na Chicago, maana walihitaji kuwafuata mashabiki weusi walipo. Wakiwa 4 kwa 4, mechi ya mwisho Chicago alirusha José Méndez, Mcuba ambaye pia ndo alikuwa kocha wa Monarchs, umri umeenda na mkono hauko kama zamani, akawazuia Hilldale wasipate pointi hata moja, 5 kwa 0.

Fainali hizo zilichezwa 1924 hadi 1927, zikasimama, zikarudi 1942 hadi 1948. Ile ya mwisho Homestead Grays waliifunga Birmingham Black Barons, na Birmingham walikuwa na kijana wa miaka 17 anaitwa Willie Mays, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa ligi kubwa. Wakati huo Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja lile katazo, alikuwa ameshaingia Brooklyn Dodgers 1947 na akacheza World Series mwaka huo huo, na Oktoba 1948 Larry Doby akapiga homurani, ule mpira unaotoka nje ya uwanja kabisa, akiwa na Cleveland, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo kwenye World Series. Ligi kubwa zikachukua wachezaji wazuri bila kuchukua timu, bila kuchukua makocha, mara nyingi bila hata kulipa fidia kwa klabu walikotoka, na ligi za weusi zikafa. Desemba 2020 ndo MLB, chombo kinachosimamia ligi hizo mbili kubwa, ikatamka rasmi kwamba ligi zile za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kubwa, na 2024 takwimu zake zikaingizwa kwenye kumbukumbu kuu. Kwa hiyo mtu akikuambia mwaka 1924 bingwa wa besiboli Marekani alikuwa Washington Senators, mwambie na Monarchs pia.

Turudi kwenye lile swali la mechi saba, maana kuna watu wanadhani kushinda mara nne ni njia ya kuhakikisha mbora ndo anashinda. Angalia 1960. Yankees dhidi ya Pirates, Yankees walishinda mechi zao tatu 16 kwa 3, 10 kwa 0 na 12 kwa 0, ukijumlisha pointi za fainali nzima Yankees 55, Pirates 27, na bingwa ni Pirates, kwa sababu Bill Mazeroski alipiga homurani mwisho wa mechi ya saba ikaisha 10 kwa 9. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Bobby Richardson wa Yankees, mpaka leo ndo pekee aliyeipata tuzo hiyo akiwa kwenye timu iliyofungwa. Kila mechi inahesabiwa peke yake, kufunga 12 leo hakukusaidii kesho.

Hadi 1968 kila ligi ilikuwa na jedwali moja, anayemaliza wa kwanza anaenda World Series moja kwa moja, na kwangu mimi huo ndo ulikuwa mpangilio wa haki kuliko yote. Lakini timu zilikuwa zinaongezeka, Dodgers na Giants wamehamia California tangu 1958, timu mpya zinazaliwa, na ligi ya timu 12 ina timu nyingi ambazo kufika Julai hazina cha kupigania na mashabiki wao hawaji. Mwaka 1969 kila ligi ikagawanywa makundi mawili, mashariki na magharibi, washindi wa makundi wanacheza nusu fainali kwanza. Mwaka 1971 huko Pittsburgh ikachezwa mechi ya kwanza ya World Series usiku, maana usiku ndo watu wako mbele ya televisheni na matangazo ya biashara yanalipa, na taratibu mechi zote zikahamia usiku. Ndo sababu sisi wa Afrika Mashariki tunaamka saa tisa usiku, kwao ni saa mbili jioni.

Halafu 1994. Baada ya wachezaji kuvunja kile kifungu cha umiliki kwa uamuzi wa msuluhishi mwaka 1975, mishahara ilipanda, wenye timu wakataka kuweka kikomo, wachezaji wakagoma tarehe 12 Agosti 1994. Tarehe 14 Septemba kaimu kamishna Bud Selig akatangaza msimu umefutwa na World Series haipo. Vita Kuu mbili hazikuisimamisha, tetemeko la ardhi la San Francisco la Oktoba 1989 liliiahirisha siku kumi tu, lakini ugomvi wa mgawanyo wa hela ukaifuta. Walioumia kuliko wote ni Montreal Expos, walikuwa wanaongoza ligi zote kwa rekodi ya 74 na 40, timu ya vijana, bajeti ndogo, huo ndo ulikuwa mwaka wao. Wachezaji wazuri wakauzwa, mashabiki wakakata tamaa, na baada ya msimu wa 2004 timu ikahamishiwa Washington. Sidhani kama kuna kosa kubwa zaidi ya hilo kwenye historia ya fainali hii ukiacha 1919.

Makundi yalikuwa yameshafanywa matatu kila ligi mwaka huo huo wa 1994, na waliporudi 1995 ndo ikatumika kwa mara ya kwanza nafasi ya ziada kwa timu isiyoshinda kundi ila ina rekodi nzuri. Nafasi hiyo moja ikawa mbili 2012, zikawa tatu 2022, kwa hiyo sasa kila ligi inaingiza timu sita. Mbili za juu zinapumzika, nne zinaanza na mtoano wa mechi tatu zote kwenye uwanja wa aliye juu, wanaobaki wanacheza tano, halafu saba, halafu World Series saba, na tangu 2017 mwenye rekodi nzuri zaidi ya msimu ndo anacheza mechi nyingi nyumbani. Mwaka 2023 timu zote mbili za fainali, Texas Rangers na Arizona Diamondbacks, hazikuwa zimeshinda makundi yao. Arizona walikuwa wameshinda 84 na kupoteza 78.

Lakini badiliko lililogusa roho ya kitu chenyewe ni la 1997, na wengi hawaliongelei. Mpaka mwaka huo timu ya American League na ya National League hazikuwahi kukutana kwenye mechi za msimu. Miaka zaidi ya 90 World Series ilikuwa kweli inakutanisha watu wasiojuana, wapigaji hawajawahi kuona mipira ya yule mrushaji, na kanuni zenyewe zilitofautiana, maana tangu 1973 American walikuwa na mtu maalumu wa kupiga badala ya mrushaji na National hawakuwa naye, ikabidi kuanzia 1986 fainali ifuate kanuni za mwenye uwanja. Kuanzia 1997 wakaanza kukutana msimuni, ofisi za marais wa ligi mbili zikafungwa, kanuni ya mpigaji ikafanana kote 2022, na tangu 2023 kila timu inacheza na kila timu. Houston wameshafika World Series kutoka ligi zote mbili, 2005 wakiwa National, 2017 wakiwa American, kwa sababu mwaka 2013 walihamishwa tu. Leo ligi mbili ni majina ya makundi. Mimi hilo linaniuma, na najua vijana wengi wanaona ni sawa kwa sababu wanawaona mastaa wote.

Na bado mechi zenyewe zinashika moyo. Mwaka 2025 Dodgers na Toronto Blue Jays walienda mpaka mechi ya saba, na ya tatu ilichukua vipindi 18 wakati kawaida ni 9. Mrushaji Yoshinobu Yamamoto alishinda ya pili kwa kurusha mwanzo mpaka mwisho, akashinda ya sita kwa mipira 96, na kesho yake akaingia tena kwenye ya saba akaimaliza, Dodgers 5 kwa 4 kwenye kipindi cha 11.

Toronto walifika pale kwa kuwatoa Seattle Mariners, na Seattle ndo timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kucheza World Series hata mara moja tangu ianzishwe 1977. Mwaka 2001 walishinda mechi 116 za msimu, rekodi ya American League mpaka leo, kwa mpangilio wa kabla ya 1969 wangeenda moja kwa moja, lakini Yankees wakawatoa 4 kwa 1. Oktoba 2025 walikuwa mbele 3 kwa 1 kwenye kipindi cha saba cha mechi ya saba, zimebaki nafasi nane tu za kuwatoa wapigaji wa Toronto, George Springer akapiga homurani ya pointi tatu.